Kompyuta kuukuu yaweza kuwa seva ya nyumbani, ila ipimwe kwanza

KOMPYUTA ya mezani iliyotupwa stoo kwa sababu ya uzee inaweza kupewa kazi mpya: kutunza picha, nyaraka na muziki wa familia nzima, na kuvifikisha kwenye simu na kompyuta nyingine za nyumbani kupitia mtandao wa ndani. Mashine inayofanya kazi hiyo huitwa seva.

Hata hivyo, safari hiyo huweza kukwama mapema. Uwekaji wa programu hukatika katikati, mashine hujizima yenyewe, na lawama zote huangushiwa programu. Kumbe tatizo huenda likawa ni kifaa kibovu ambacho hakikupimwa.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni prosesa. Debian, mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa mwaka 1993 na unaotumika sana kwenye seva, uliacha kutoa programu ya kuuweka kwenye mashine za biti 32 kuanzia toleo lake la 13 la Agosti 2025. Kwa hiyo mtu anayetaka toleo hilo anahitaji prosesa ya biti 64.

Baada ya hapo hupimwa kumbukumbu, yaani RAM. Programu ya Memtest86+ huwashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, kipande kibovu kitafutwe na kubadilishwa, kwani RAM mbovu huweza kuharibu mafaili kimyakimya bila mwenyewe kujua.

Diski nayo huweka kumbukumbu za afya yake, ambazo husomwa kwa programu ya smartmontools. Idadi ya sehemu zilizoharibika ikiwa inaongezeka, au diski ikigongagonga, haifai kukabidhiwa picha za harusi.

Kuna hitilafu nyingine ndogo inayopoteza muda mwingi. Betri ya duara ya volti 3 iliyo kwenye ubao mkuu ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa si sahihi, mashine hukataa vyeti vya usalama vya tovuti inazochukulia programu, na mtumiaji hudhani intaneti imekatika. Dawa yake ni kubadilisha betri hiyo, aina ya CR2032, na kurekebisha tarehe.

Wakati wa kuweka mfumo, ni busara kutumia waya wa mtandao badala ya mtandao usiotumia waya, kwa kuwa baadhi ya kadi za aina hiyo haziwezi kufanya kazi bila programu zake maalumu.

Seva hukaa bila kibodi wala skrini, lakini baadhi ya kompyuta za zamani hukataa kuwaka zisipoona kibodi. Mpangilio huo hubadilishwa kwenye BIOS. Humo pia hupatikana, kwa mashine nyingi, mpangilio wa kuifanya mashine ijiwashe umeme unaporudi.

Umeme wenyewe ni gharama. Mashine inayotumia wati 100 saa zote humaliza uniti 2.4 kwa siku, sawa na uniti 72 kwa siku 30. Aidha, umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mafaili yanaweza kuharibika, hivyo kifaa cha UPS kinahitajika ili mashine ipate muda wa kuzimwa taratibu.

Lililo kubwa kuliko yote ni nakala. Familia inayohamishia picha zake zote kwenye seva na kuzifuta kwenye simu imebaki na nakala moja tu, tena ndani ya mashine kuukuu. Nakala ya pili ihifadhiwe kwenye diski nyingine, nje ya nyumba ikiwezekana, na ifunguliwe mara kwa mara kuhakikisha inasomeka. Diski huharibika bila kutoa taarifa, na picha ya marehemu bibi haipigwi mara ya pili.