Mtindio wa Ubongo: Zoezi Afanye Nani?

Mama anatandika khanga juu ya mkeka, anamlaza mwanawe chali, anakunja mguu wa kulia taratibu kuelekea tumboni. Moja, mbili, tatu, hadi thelathini. Kisha wa kushoto. Mtoto ana miaka mitatu. Anatazama dari, akichoka analia. Ndivyo mama alivyofundishwa kliniki, na hajakosa hata siku moja. Akina mama kama huyu nawapokea kila wiki, na swali lao ni moja: "Daktari, mbona namnyoosha kila siku na bado hajasimama?"

Tazama tena pale mkekani. Anayefanya zoezi ni mama. Mtoto amelala.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika ungali mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kidogo kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au manjano iliyokithiri. Si laana, na jeraha lenyewe haliendelei kukua. Misuli inakaza kwa sababu amri zinazoifikia zimevurugika, na ubongo hujifunza kuamuru kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena.

Sisi wataalamu tulichelewa kulikubali hilo. Kwa miongo mingi tulifuata njia ya Berta na Karel Bobath, mke na mume waliofanya kazi London: mikono ya mtaalamu iongoze mwili wa mtoto mpaka miondoko ikae sawa. Mwaka 1988 watafiti wa Baltimore, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 48 wa miezi 12 hadi 19, wote wenye miguu iliyokaza. Nusu walipewa tiba ya aina hiyo mwaka mzima. Wengine, kwa miezi sita ya kwanza, walipewa michezo ya kujifunza, ndipo wakaanza tiba. Mwisho wa mwaka, waliocheza kwanza na kuweza kutembea walikuwa karibu robo tatu. Waliopewa tiba mwaka mzima, zaidi kidogo ya theluthi. Jaribio lilikuwa dogo, lakini lilitutikisa.

Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walipanga tiba zilizochunguzwa kwa rangi za taa za barabarani. Kijani iliangukia mazoezi yenye lengo ambalo mtoto na familia wamelichagua, na programu za nyumbani zinazosimamiwa na mtaalamu. Kunyoosha viungo kwa mkono tu hakukufika huko.

Kwa mtoto yule wa mkekani tulianza na kopo la uji, kwa kuwa alilitaka. Tulimkalisha kwenye kigoda, nyayo zikakanyaga chini, kopo tukaliweka kwenye stuli mbele yake, mbali kidogo asipofika. Alilazimika kuinama ili uzito uhamie miguuni. Mara ya kwanza aliyumba, bibi yake akaruka kumdaka. "Bibi, mngojee kidogo," nikamwomba. Alipojaribu tena na tena, makalio yaliinuka. Kashika ukingo wa stuli, kasimama dede kufumba na kufumbua, kisha akakaa kwa kishindo akicheka. Mapaja, mgongo na mikono vilifanya kazi pamoja, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Si kila mtoto atasimama, na mzazi anastahili kuambiwa mapema. Robert Palisano na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa mwaka 1997 ngazi tano za uwezo wa kujongea, kuanzia anayetembea mwenyewe hadi ambaye hata shingo haijakaza. Mwaka 2002 Peter Rosenbaum na timu hiyo, baada ya kufuatilia watoto 657 wa Ontario, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uwezo huo hupatikana kabla ya miaka mitano. Ndiyo maana yale maneno ya "msubirini, atatembea tu" yananiuma sana: yanakula miaka ambayo haina mbadala.

Kwa mtoto wa ngazi ya tano lengo huwa jingine. Nyonga zake zipigwe picha mara kwa mara, maana zinaweza kuteguka polepole bila mtu kujua. Apate kiti kinachomshika kiuno na kichwa. Kinaweza kutengenezwa hata kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Akikaa wima anameza kwa urahisi zaidi, na anawaona wenzake wanaocheza uani badala ya dari.