Je, Wajua? Magari Yanapoitwa Kiwandani

Asubuhi ya siku ya kazi, kwenye barabara ya kutoka mjini Dodoma kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba, utahesabu IST, Vitz, Passo, Noah na mashangingi mpaka uchoke. Mengi yamezaliwa Japani, yakaishi huko miaka kadhaa, ndipo yakapanda meli kuja Dar es Salaam. Walioyaunda nao ni binadamu, hukosea. Wakigundua kosa la hatari, wanatakiwa kuyaita magari hayo na kuyatengeneza bure. Habari za miito hiyo zina vituko ambavyo hata fundi wako wa Kizota huenda hajavisikia.

Kifaa cha kuokoa maisha kiligeuka bomu

Wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari haukuhusu breki wala injini, ulihusu kifaa kilichowekwa kumlinda dereva. Takriban mitungi milioni 100 ya kujaza mifuko ya hewa, ile ambayo mafundi huiita eabegi, ilitakiwa kubadilishwa duniani kote. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kila mmoja wetu, mpaka kichanga, angepewa mtungi wake na makumi ya mamilioni yangebaki.

Mitungi hiyo ilitengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyoanzishwa 1933. Ndani yake waliweka amonia naitreti, kemikali ambayo mkulima wa Kongwa hukutana nayo kwenye mbolea. Yeyote aliyewahi kusahau mfuko wa mbolea ukiwa wazi anajua inavyonyonya unyevu na kushika mabonge. Ndani ya usukani kemikali huharibika polepole, kwa miaka: joto la mchana, ubaridi wa usiku, unyevu unaopenya kidogo kidogo. Siku ya ajali, badala ya gesi kutoka kwa mpangilio na kuujaza mfuko, mtungi wenyewe unapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma shingoni na usoni. Zaidi ya watu 30 wamekufa hivyo, baadhi yao Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu. Takata ilifilisika Juni 2017.

Hapa ukame wa Dodoma unatufaa kidogo. Tunapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Marekani waliligawa taifa lao kwa kanda na kuanza na majimbo yenye joto na unyevu. Kwa hesabu hiyo, gari la Tanga au Unguja lingetangulia kwenye foleni, la Dodoma lingesubiri. Usijipongeze mapema, lakini. Majira ya joto ya Japani nayo yana unyevu wa kutosha, na gari lako huenda limeyapitia mara kumi kabla hujalijua. Wajapani wenyewe hawakufanya mzaha: kuanzia Mei 2018 walianza kuyakatalia kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye mitungi ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa. Miongoni mwa yaliyoitwa kwa miaka hiyo yamo majina tunayoyaita kila siku: Corolla, Vitz, Honda Fit.

Malalamiko yalifichwa kwenye makabati ya kubadilishia nguo

Mwaka 2000, wakaguzi wa serikali ya Japani walipokea taarifa ya siri, wakaenda ofisi za Mitsubishi Motors, na kwenye makabati ya wafanyakazi ya kuhifadhia nguo wakakuta malalamiko ya wateja. Yaliyotakiwa kufichwa yalikuwa yamewekewa alama ya herufi H. Mchezo huo ulikuwa umechezwa tangu 1977, zaidi ya miaka ishirini, na wakuu wa kampuni walijua.

Ungedhani aibu hiyo ingetosha. Haikutosha. Januari 2002, kwenye mteremko mjini Yokohama, tairi la mbele la lori la Mitsubishi lilichomoka likiwa na uzito wa kilo 140 hivi, likabingirika mita 50 na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili kando ya barabara. Kampuni ilisema mwenye lori hakulifanyia matengenezo ipasavyo. Ni jibu ambalo madereva wa malori wa dunia nzima wanalijua kwa moyo. Machi 2004, Mitsubishi Fuso, iliyokwishatengwa kuwa kampuni inayojitegemea, ilikiri kwamba kosa lilikuwa kwenye habu, chuma kinacholishikilia tairi kwenye ekseli, na ikayaita malori 112,000 hivi. Baadhi ya wakubwa wake walipelekwa mahakamani.

Nenda soko la mahindi la Kibaigwa msimu wa mavuno ukatazame malori yaliyojipanga kupakia magunia. Fuso ni jina ambalo hapa Tanzania limekwisha kuwa karibu jina la lori lolote la ukubwa huo. Ukiona utingo anagonga nati za tairi kwa spana moja moja kabla ya safari ya Gairo, usimwone mshamba.

Gari la mtumba husafiri, barua yake hubaki

Kati ya 2015 na 2018, kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara jingine lolote. Mtengenezaji akigundua kosa, barua humwendea mmiliki aliyesajiliwa. Kwa gari lililofutiwa usajili Japani ili lisafirishwe, mmiliki huyo ni mtu wa Osaka au Nagoya ambaye siku hizi anaendesha gari jingine. Wewe wa Area C hakuna anayekujua.

Kitu kimoja tu hakibadiliki: namba ya chesisi. Fungua boneti, futa vumbi kwa kitambaa, utazame kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na viti, au kwenye kibati kilichobandikwa karibu na hapo. Imeandikwa pia kwenye kadi ya gari. IST ya injini ndogo itaanza na NCP60, Vitz ya toleo la kwanza yenye injini ndogo itaanza na SCP10, kisha kistari, kisha tarakimu. Kwenye tovuti za Kijapani za Toyota na Honda kuna sehemu ya kuandika namba hiyo, nayo itakuambia kama gari liliwahi kuitwa na kama lilitengenezwa. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuutafsiri.

Magari yaliyoundwa kwa soko la nje ya Japani hutumia namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Humo hutakuta I, O wala Q kamwe, kwa kuwa zingechanganywa na 1 na 0.

Sheria ya kuyaita magari ni changa kuliko Uhuru wetu

Tanganyika ilipopandisha bendera yake 1961, Marekani haikuwa na sheria ya taifa ya kumlazimisha mtengenezaji atangaze kosa la gari lake. Ilikuja 1966, na Japani ikafuata na utaratibu wake 1969. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa kitabu cha mwanasheria kijana, Ralph Nader, kilichotoka 1965 na kuyashambulia magari ya Marekani kwa kutojali usalama. General Motors walimjibu kwa kumtumia wapelelezi wachimbe maisha yake ya faragha. Siri ikavuja, na Machi 1966 rais wa kampuni hiyo, wakati huo kubwa kuliko zote za magari duniani, akaketi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti na kuomba radhi. Tangu sheria ipite, Marekani peke yake imeshayaita magari, mabasi na pikipiki zaidi ya milioni 390.

Buibui aliyependa petroli

Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari 65,000 hivi ya Amerika Kaskazini kwa sababu ya buibui. Ni wa rangi ya manjano, mdogo, na inaaminika huvutwa na harufu ya petroli. Alikuwa akiingia kwenye mpira mwembamba wa kupumulia wa tangi la Mazda 6 na kufuma utando wake humo. Njia ya hewa ikiziba, tangi hunywea, na mwisho linaweza kupasuka na kuvuja mafuta.

Wahandisi wakaweka springi ya kumzuia mgeni. Mwaka 2014 kampuni ikalazimika kuyaita mengine 42,000, safari hii ikarekebisha programu ya kompyuta ya gari ili tangi lisinywee hata buibui akiwa amehamia. Kwa maneno mengine, walisalimu amri.

Kapeti likaitikisa Toyota

Septemba 2009, Toyota iliwaambia wenye magari milioni 3.8 ya Marekani waondoe kapeti la upande wa dereva mara moja. Mwezi uliotangulia, gari la Lexus la kuazima lilikuwa limekwenda mbio bila kuzuilika karibu na San Diego na kuua watu wanne. Ndani yake kulikuwa na kapeti la gari jingine, kubwa mno, na pedali ya mafuta ilinasa humo. Baadaye Toyota ilizikata pedali zikawa fupi. Februari 2010 bwana mkubwa mwenyewe, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, alihojiwa na Bunge la Marekani, na wataalamu wa NASA, wale wa kupeleka watu mwezini, wakapewa kazi ya kuchunguza kama kompyuta za magari hayo zina kasoro. Mwaka 2011 wakasema hawakuona kasoro ya umeme iliyoweza kusababisha mbio zile.

Dodoma, kwa vumbi letu, tuna mazoea ya kutandika kapeti juu ya kapeti. Litazame la kwako leo limefika wapi.

Bonge la funguo lilizima gari

Swichi ya kuwashia magari ya General Motors kama Chevrolet Cobalt ilikuwa na springi dhaifu. Ukining'iniza bonge la funguo, au goti likigusa, swichi ilirudi nyuma na kuzima injini katikati ya safari. Usukani ukawa mzito, breki nzito, na mifuko ya hewa, ambayo inategemea umeme, haikufunguka. Wito ulitoka Februari 2014, ukafikia magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulithibitisha vifo 124. Bunge la Marekani lilielezwa kwamba kipuri chenyewe ni cha senti 57 za dola, ambazo kwa fedha yetu hazifiki shilingi 2,000.

Lililonishangaza mimi si bei. Mhandisi mmoja alikibadilisha kipuri kile kimyakimya miaka kadhaa kabla, kikawa imara, lakini namba yake ikaachwa ileile. Kwa hiyo waliochunguza ajali walishindwa kuelewa kwa nini magari mapya hayazimi na ya zamani yanazima, ilhali kwenye makaratasi kipuri ni kimoja.

Ford waligawa stika

Magari ya Ford ya miaka ya 1970 yalikuwa na tabia ya kutoka kwenye gia ya kuegesha na kurudi nyuma yenyewe, injini ikiwa inaunguruma. Zaidi ya milioni 20 yalihusika. Suluhu waliyokubaliana na serikali, mwishoni mwa 1980, ilikuwa kuwatumia wenye magari stika ya onyo wabandike kwenye dashibodi. Basi.

Joto lilitoa siri ya matairi

Agosti 2000 Firestone iliita matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, kwa kuwa ngozi ya juu ilibanduka gari likiwa mbioni. Vifo 271 vilihusishwa nayo Marekani. Lakini jua la Ghuba lilikuwa limeshasema: 1999, Ford walikuwa wameshaanza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani, Oman ikiwemo. Joto, mzigo na upepo pungufu ndivyo vilivyoyamaliza, na vyote vitatu vinapatikana saa nane mchana kati ya Bahi na Manyoni.

Ukinunua tairi, tafuta ubavuni neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, hilo ni la kabla ya 2000, na muuzaji arudishiwe na salamu.

Gari liliangushwa na mnyama asiyekuwepo

Oktoba 1997, waandishi wa jarida la magari la Sweden walilijaribu Mercedes jipya la A-Class kwa kulikwepesha ghafla, kana kwamba mnyama wa porini mkubwa kuliko farasi amekatiza barabara. Likapinduka. Mercedes kwanza walipinga, kisha wakasimamisha kuwapelekea wateja magari, wakayaita yaliyokwishauzwa na kuyafungia bure kompyuta ya kuzuia kuserereka, kifaa ambacho wakati huo kilikuwa cha magari ya kifahari. Jaribio kama hilo dereva wa Dodoma–Kondoa hulifanya bila malipo kila ng'ombe wanapovuka kwenda kunywa maji, tena na ng'ombe wa kweli.

Milioni 2.2 yaliitwa kwa sababu ya maandishi madogo

Februari 2024 Tesla iliyaita karibu magari yake yote yaliyouzwa Marekani kwa kuwa herufi za taa za onyo la breki zilikuwa ndogo kuliko milimita 3.2 zinazotakiwa kisheria. Hakuna aliyepeleka gari gereji. Herufi zilikuzwa kwa intaneti, magari yakiwa yameegeshwa nyumbani, na wenyewe wengi wakiwa wamelala.