Maziwa Yapo, Mama Hayupo

Mwezi Aprili 2019, ndama wa nguva alikutwa amekwama ufukweni huko Krabi, kusini mwa Thailand. Alikuwa bado wa kunyonya, na mama yake hakuonekana. Majaribio ya kumrudisha kwa wenzake yaliposhindikana, akahamishiwa kisiwa cha Libong katika mkoa jirani wa Trang, penye nguva wengi, akaitwa Mariam. Madaktari na wenyeji wakawa wanaingia majini mara nyingi kwa siku kumnywesha maziwa na kumlisha nyasi za bahari. Akishiba, hujisogeza ubavuni mwa mtumbwi na kujibanza hapo. Picha zake zilienea duniani, watu wakampenda. Sisi tunaotibu wanyama tuliona jambo lililotutia wasiwasi: mtoto ameukubali mtumbwi kuwa mama.

Nguva, kama pomboo na nyangumi, si samaki. Anavuta hewa kwa mapafu, ana damu ya moto, na ananyonyesha kwa chuchu zilizo makwapani. Kwa hiyo akikwama mchangani hafi kwa kukosa maji ya kupumulia. Anaumizwa na uzito wake mwenyewe, ambao majini ulikuwa umebebwa na bahari na sasa unagandamiza mapafu. Anaumizwa na jua, kwa kuwa ngozi na mafuta yake vimeumbwa kutunza joto, si kulitoa. Mtoto ana adui wa tatu, kiu. Maji yake mengi huyapata kwenye maziwa, na asiponyonya hukauka upesi.

Hii ndiyo sababu tiba ya kwanza haiwi maziwa. Mtoto aliyedhoofika hupewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, sawa na ile pakiti anayokorogewa mtoto mwenye kuhara, yakipitishwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni. Tumbo likiamka, ndipo maziwa yaanze, kidogo kidogo. Nayo si ya ng'ombe. Maziwa ya wanyama wa baharini kwa kawaida yana mafuta mengi na sukari haba, na ile sukari ya maziwa ya ng'ombe humvimbisha tumbo na kumharisha. Kunywesha nako ni kazi ya ustadi, maana tone likikosea njia likaingia mapafuni huleta nimonia, na wengi waliookolewa ufukweni wamefia hapo.

Hayo yote yana mafunzo na vifaa vyake. Lisilo na kifaa ni pengo la mama.

Mtazame sili wa Uholanzi. Kituo kilichoanzia Pieterburen kimekuwa kikilea watoto wa sili tangu 1971, na wengi hurudi baharini wazima. Siri kubwa imo katika maumbile ya sili mwenyewe: mama humnyonyesha mwezi mmoja hivi, kisha humwacha moja kwa moja, na mtoto hujifunza kuvua peke yake. Mlezi akimtibu, akamnenepesha kwa samaki na kujizuia kumbembeleza asije akawazoea watu, kazi iliyobaki sili ameumbwa kuifanya bila mwalimu. Tatizo huko ni huruma ya haraka. Mama huenda kutafuta chakula na kumwacha mtoto mchangani, mpita njia akadhani katupwa, akambeba. Ndiyo maana wataalamu wa huko sasa husisitiza kumtazama kwanza kwa mbali, hata siku nzima, kabla ya kumgusa.

Nguva ni habari nyingine. Mimba yake huchukua miezi 13 hadi 14, huzaa mtoto mmoja, naye huweza kunyonya hadi miezi 18. Mzao unaofuata huja baada ya miaka 3 hadi 7. Muda wote huo ndama yupo ubavuni mwa mama, akifuata njia yake: malisho yako wapi, mkondo gani unapitika maji yakijaa, wakati gani wa kukimbia. Kule Florida, manati yatima, binamu wa nguva, hulelewa mpaka wafikie karibu kilo 270, kisha hufungwa mkanda shinani mwa mkia wenye kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti, kwa sababu hakuna anayejua kama wataiona njia.

Kwa Mariam walichagua kumlea baharini penyewe, ili azoee malisho. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini bahari ile ile ilikuwa na hatari zake. Mwezi Agosti alikutwa na michubuko, ikaaminika amefukuzwa na dume. Tarehe 17 akafa. Utumboni mwake mlikutwa vipande vya plastiki, na maambukizi yalikuwa yameenea. Siku 5 baadaye akafa ndama mwingine, Jamil, aliyekuwa akilelewa bwawani Phuket, baada ya nyasi alizokula kugandamana tumboni. Mmoja bahari wazi, mmoja bwawa salama, wote wawili hawakumaliza mwaka.

Huku kwetu nguva wamebaki wachache mno. Kundi kubwa la mwisho la upande huu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji. Lamu, Mafia, Rufiji na Kilwa, kumwona mmoja ni habari ya kusimuliwa. Ukimkuta ndama, au pomboo mchanga, amekwama, mlaze kwa tumbo, mfunike kwa kitambaa kilicholowa na kuacha wazi matundu ya pua, mwekee kivuli, ondoa watu na mbwa. Usimvute mkia, usimpe chochote mdomoni. Usiharakishe kumsukuma majini peke yake. Angalia kwanza kama mama anazunguka karibu, kisha piga simu kwa watu wa hifadhi ya bahari au wa wanyamapori.

Lakini ndama wengi hatutawahi kuwakuta. Nguva hukaa chini dakika chache tu kabla ya kupanda kuvuta hewa, na jarife lililotegwa jioni karibu na nyasi hutazamwa alfajiri. Mama akinasa usiku, asubuhi tunahesabu nguva mmoja aliyekufa, na mtoto wake hatumhesabu. Mvuvi anayetega mbali na malisho, au anayelala karibu na wavu wake na kisu mkononi, anaokoa wawili bila kumwita daktari.