Mama Kuota Ndevu: Si Uchawi, Njoo Upimwe

Sisi ni wahudumu wa afya wa jamii hapa Dzaleka. Leo tunaongelea jambo ambalo akina mama wengi hulifunika kwa kitenge: kuota nywele nyingi mahali ambapo kwa kawaida huota kwa wanaume, yaani juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumboni na mgongoni.

Nimeandika kwa sababu ya mama mmoja. Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kuangalia kadi za chanjo za watoto, nikamkuta amejifunga kitambaa mpaka kidevuni, na jua lilikuwa kali. Majirani walisema usiku anageuka mwanaume. Alikuwa ameshauza kuku wawili kumlipa mganga. Kumbe hedhi alikuwa haipati kwa miezi mitano, na hilo hakuna aliyemuuliza.

Je, nywele hizi hutoka wapi?

Mwili wa kila mwanamke hutengeneza homoni za kiume kidogo, katika ovari, yaani mifuko ya mayai, na katika tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, zile nywele laini tunazoziita malaika hugeuka kuwa nene na nyeusi. Mara nyingi chunusi huja pamoja nazo.

Sababu kubwa kuliko zote ni ugonjwa wa ovari ambao daktari huuandika kwenye kadi kwa herufi PCOS. Mayai hayakomai kila mwezi kama inavyotakiwa, kwa hiyo hedhi huchelewa au hupotea, na homoni za kiume huongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na wengi wao hawajui. Ukiwa nayo haina maana kwamba wewe ni tasa. Wengi huzaa, wengine baada ya kusaidiwa na dawa. Na usije ukadhani huwezi kushika mimba kwa sababu tu hedhi haiji, maana yai linaweza kutoka siku usiyoitegemea.

Lakini usikae na hali hii bila kutibiwa. Mwenye PCOS yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari. Tena hedhi ikikosekana miezi mingi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huongezeka unene, na baada ya miaka unaweza kuingia saratani. Miezi mitatu ikipita bila hedhi na huna mimba, njoo.

Kuna akina mama wengine ambao hedhi yao ni ya kawaida na hakuna ugonjwa unaoonekana. Nywele ni za ukoo tu, mama na shangazi walikuwa nazo. Wengine huota ndevu chache hedhi inapokoma kwa umri.

Halafu kuna dawa. Mkorogo wa kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na steroidi kali, na ukipaka usoni muda mrefu huotesha nywele pale pale unapopaka. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni vingine vina deksamethasoni, ambayo nayo huvimbisha uso na kuotesha nywele. Kama umevimeza kwa wiki nyingi usivikatishe ghafla, maana mwili unaweza kuanguka. Njoo navyo kituoni. Na wewe unayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, ni kweli inaweza kuongeza nywele mwilini, lakini usiiache mwenyewe! Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kukuua. Daktari ndiye atakayeangalia kama unaweza kubadilishiwa.

Dalili za hatari

Nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, kipara kikaanza kama cha mwanaume, matiti yakapungua, au kinembe kikakua, usingoje. Inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi ya juu ya figo. Hutokea kwa nadra, lakini wiki moja kwa mganga ni wiki moja imepotea.

Utapimwaje?

Utaulizwa hedhi yako, ukoo, dawa, na nywele zilianza lini. Utapimwa uzito, presha, sukari na mimba. Kipimo cha homoni katika damu na utrasaundi, ambayo sisi wa Kongo tunaijua kama ekografi, vinaweza kuhitaji rufaa ya Dowa au Lilongwe.

Matibabu yanataka subira. Kinachotumika zaidi ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo hurudisha hedhi na kupunguza homoni za kiume. Havimfai kila mtu: mwenye presha ya juu, anayenyonyesha mtoto mchanga, aliyewahi kuganda damu mguuni, au mvuta sigara aliyefika miaka 35, atapewa njia nyingine. Usiazime vya jirani. Dawa iitwayo spironolaktoni nayo husaidia, ila inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo haipewi mjamzito. Mwenye uzito mkubwa, akipunguza hata kilo tano katika kila mia moja, hedhi yake inaweza kurudi. Nywele zenyewe huchukua miezi sita au zaidi kuanza kupungua.

Wakati unangoja, nyoa. Si kweli kwamba wembe huongeza ndevu. Nywele iliyokatwa ina ncha butu, ndiyo maana unaisikia ngumu. Ila wembe uwe wako peke yako, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Yule mama yuko mwezi wa nne wa vidonge. Hedhi imerudi, ndevu bado zipo, anazinyoa.

Ukija kituoni, leta kadi, tarehe za hedhi unazozikumbuka, na dawa zote unazotumia, hata mkorogo ndani ya kopo lake. Usinyoe siku chache kabla, ili muuguzi aone nywele zinaota wapi. Ukiona haya kuongea na mwanaume, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako akuombee muuguzi wa kike.