ORODHA YA PESA ZA WAKULIMA IBANDIKWE UKUTANI



Wengi wetu tunaofanya kazi viwandani Tororo au kubeba mizigo Busia tuna shamba nyumbani. Mshahara peke yake haulishi watoto. Ni muhogo, wimbi na karanga za Mwello zinazotuvusha mwezi. Kwa hiyo pesa ambazo serikali inatoa kwa wakulima ni jambo la chama, si la wakubwa peke yao.

Tarehe 26 Februari 2022, huko Kibuku, si mbali na kwetu, Rais Museveni alizindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi. Ahadi ilikuwa shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, na mkulima akopeshwe hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Fanyeni hesabu, ndugu. Milioni 100 ukizigawa milioni moja moja ni watu 100. Majina 100 yanaenea kwenye karatasi mbili. Kwa nini basi yawe siri?

Mama mmoja, mke wa mwanachama wetu, alijiandikisha mara mbili apate pesa za kufuga nguruwe. Mara zote aliambiwa, "Mama, subiri." Tulipofuatana naye kuomba kuona orodha, karani alifunga daftari akasema hiyo si kazi ya chama. Hatusemi kuna mwizi. Tunasema daftari likifungwa, hata mtu mwaminifu hushukiwa.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2023 gunia la mbolea ya ruzuku lilishushwa hadi shilingi 2,500 za Kenya. Mkulima aliyejiandikisha alipata ujumbe kwenye simu yake, akausoma peke yake. Jirani angejuaje nani mwingine amechukua, na magunia mangapi?

Tanzania nao walitoa vocha za mbegu na mbolea kuanzia 2008, na vijiji vilikuwa na kamati za kuchagua wakulima. Utafiti katika mkoa wa Kilimanjaro ulikuta kwamba karibu vocha 60 katika kila 100 zilikwenda kwa viongozi wa vijiji. Kumbe kamati peke yake haitoshi. Lazima watu wote waone.

Dawa tunayo hapa hapa Uganda. Kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ya shule za msingi, ni 13 tu zilizofika shuleni. Ndipo serikali ikaanza kutangaza pesa hizo magazetini, na kila shule ikatakiwa kubandika tangazo la kilichopokelewa. Kufikia 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Karatasi na gundi vilisaidia kufanya kazi hiyo!

Wako wanaosema orodha italeta wivu. Ndugu, wivu tayari upo, na unanenepa gizani. Atakayeona jina la jirani yake ukutani, na nguruwe zake zizini, atanyamaza.

Sheria iko upande wetu. Uganda ina Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, na Kenya ina yake ya 2016. Katika nchi zote mbili ofisi hupewa siku 21 kujibu. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo. Kule Kenya barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo kila tawi lifanye haya. Kwanza, liandike barua kuomba orodha ya waliopewa, kiasi na tarehe. Pili, barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwetu. Tatu, tuombe orodha isomwe katika baraza la kijiji na kubandikwa ukutani, kabla pesa za zamu nyingine hazijatoka.

Tusiende mmoja mmoja. Mtu mmoja hufungiwa daftari. Watu hamsini huwekewa viti.

Umoja ni nguvu!