Miaka miwili ya uwakili kabla ya chemba ya jaji

Wakili kijana anayeajiriwa na kampuni ya mawakili mjini Kisumu huoneshwa njia moja tu: avumilie mshahara, ajenge jina, kisha afungue ofisi yake mwenyewe. Akitaja kwamba anataka kuomba kazi ya utafiti wa sheria katika chemba ya jaji, wenzake humwona kama anayerudi darasani. Mimi nashikilia kinyume chake. Mtafiti wa sheria humsomea jaji faili, hutafuta hukumu zilizotangulia na kuandika muhtasari wa hoja za pande zote. Hiyo ni kazi inayomfaa zaidi aliyekwisha kusumbuliwa na wateja na mashahidi kwa miaka miwili au mitatu kuliko aliyetoka jana Kenya School of Law. (Mtafiti asichanganywe na karani anayeita kesi asubuhi kortini, huyo ana kazi yake, na bila yeye hakuna kesi ambayo ingesogea.)

Ushahidi umo ndani ya faili zenyewe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 ilimpa hakimu mkuu mamlaka ya kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, hivyo kesi nyingi za ajali za barabarani ukanda huu wa ziwa huanzia kwa mahakimu wa Winam, Nyando, Bondo au Siaya, na Mahakama Kuu huzipokea kama rufaa. Mara nyingi kinachobishaniwa si nani aliyemgonga mwendesha bodaboda, bali fidia aliyopewa. Kanuni inajulikana, na kesi ya Butt dhidi ya Khan hutajwa kila mara: mahakama ya rufaa haigusi kiasi hicho isipokuwa kimezidi au kimepungua mno, au hakimu alikosea misingi. Mtafiti hulazimika kutafuta hukumu zenye majeraha yanayolingana. Hapo ndipo vitabu humwacha njiani. Faili huwa na ripoti mbili za daktari, moja ya mdai na nyingine ya kampuni ya bima, na asilimia za ulemavu hazilingani. Aliyewahi kuziandaa kesi hizi anajua kwamba pengine daktari mmoja alimwona majeruhi akiwa bado ana plasta na mwingine akamwona mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo huanza kwa kutazama tarehe. Mhitimu mpya hulinganisha namba.

Kesi za ardhi zinaonesha jambo hilohilo kwa kina zaidi. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, Mahakama ya Juu ilisema kwamba amana ya kimila inaweza kumfunga mwenye hati hata kama anayedai haki hiyo haishi juu ya shamba. Kesi ilitoka Meru, lakini uamuzi huo unazigusa familia za Seme na Alego ambako kaka mkubwa aliandikishwa peke yake wakati ardhi ilipopimwa. Kuikumbuka kanuni ni rahisi. Kilicho kigumu ni kutambua, ndani ya kurasa mia tatu za mwenendo wa kesi, kauli moja ya mzee wa ukoo inayothibitisha kwamba shamba lilikuwa la babu. Aliyewahi kuketi na wazee na kuandika maelezo yao ana jicho la kuiona.

Sikatai kwamba zipo kazi ambazo mhitimu mpya huziweza vilevile. Uamuzi wa Muruatetu wa mwaka 2017 ulipoondoa ulazima wa adhabu ya kifo, mahakama nyingi ziliueneza hadi kwenye makosa mengine, mpaka Mahakama ya Juu ilipofafanua mwaka 2021 kuwa ulihusu mauaji pekee. Kujua ni uamuzi upi bado umesimama kunahitaji bidii tu. Na desturi ya kuchukua wahitimu wapya si ya kubezwa: Jaji Horace Gray aliianzisha katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1882, akiwalipa vijana wa Harvard kwa pesa zake mwenyewe. Lakini Marekani yenyewe leo wengi hupitia kampuni kwanza, na Mahakama ya Juu ya Uingereza huwataka wasaidizi wa majaji wawe wameshahitimu uwakili.

Kuna pingamizi la riziki: kwa nini mtu aache kazi akiwa ameanza kupata wateja? Jibu liko katika kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili. Wakili haruhusiwi kufungua ofisi yake kabla ya kufanya kazi ya mshahara kwa miaka 2 mfululizo, iwe katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au chini ya wakili aliyejitegemea kwa miaka 5 au zaidi. Anayekwenda chemba kabla ya kuitimiza miaka hiyo huacha deni nyuma yake. Anayekwenda baada ya kuitimiza yuko huru kurudi na kujitegemea siku yoyote. Tatizo la kweli ni ratiba. Huku kwetu humwandikii jaji barua akuchukue, kama ilivyozoeleka Marekani. Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo inayoajiri, na nafasi hutangazwa inapoamua.

Pingamizi zito zaidi ni la mgongano wa maslahi, na sidhani linajibiwa kwa kuapa tu. Mwaka 1923 huko Sussex, Uingereza, mwendesha pikipiki alitiwa hatiani kwa kuendesha kwa hatari. Ikagundulika kwamba karani aliyeingia faragha pamoja na mahakimu alitoka kampuni ya mawakili iliyokuwa ikimdai fidia mtu huyohuyo kwa ajali ileile. Mahakimu walieleza kwamba hawakumuuliza neno. Hatia ilifutwa hata hivyo, kwa kuwa haki lazima pia ionekane ikitendeka. Kisumu mawakili wanajuana, na kampuni zilezile husimama mbele ya Mahakama Kuu kila wiki. Mtu akihama kutoka dawati moja hadi lingine katika mji huo, nusu ya rafu itakuwa na majina anayoyajua.

Hii ni sababu ya kuchagua kituo, si ya kuiacha kazi. Mahakama ya Rufaa ya Kisumu hupokea rufaa kutoka Nyanza na Magharibi yote, kwa hiyo faili za kampuni moja hupungua uzito ndani yake. Mahakama Kuu ya Busia au Migori pia ni afadhali. Popote atakapopangwa, siku ya kwanza mtafiti amkabidhi jaji orodha ya kesi zote alizozigusa na wateja wote wa ofisi yake ya zamani, na faili hizo zisomwe na mwingine. Tangu Machi 2024, mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao ulipoenezwa nchi nzima, orodha hiyo haitegemei tena kumbukumbu ya mtu: nyaraka zilizoingia zina jina la kampuni iliyozileta. Atakaporudi kwenye uwakili, orodha ya pili itahitajika, ya faili alizozisomea jaji, na kampuni itakayomwajiri haina budi kuipokea kabla ya kumpa mteja wa kwanza.