Tustroki haifi kwa uzee, huuawa na kipimo cha oili

MTU aliyeizoea haulizi mara mbili. Mlio mkali kama wa msumeno wa kukatia magogo, harufu ya oili iliyoungua na moshi mwembamba wa bluu: hiyo ni pikipiki ya tustroki, yaani yenye injini ya mipigo miwili.

Maeneo ya Mbezi Beach, Kawe na Kunduchi jijini Dar es Salaam, wapo wanaozimiliki pikipiki za aina hii za motokrosi kwa ajili ya michezo na starehe. Mikoani, ndugu zake wanajulikana zaidi kwa kazi. Yamaha AG100 na DT125 zimewabeba mabwana shamba, mabwana mifugo na watumishi wa miradi kwa miaka mingi, na nyingine huishia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara kupitia minada.

Zote zina tabia moja. Zikitunzwa, hudumu miaka mingi na fundi wa kawaida anazimudu. Zikipuuzwa siku moja tu, pistoni hunata ndani ya silinda na mwenye chombo huanza kutafuta fedha ambazo hakuzipangia.

Injini yenyewe

Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mipigo minne. Injini zake huwasha moto mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, na zina oili yake chini inayozunguka na kulainisha kila kitu. Tustroki huwasha moto katika kila mzunguko mmoja. Haina valvu za juu wala kamshafti, hivyo ni nyepesi, ina nguvu kubwa kwa ukubwa wake na ina vipuri vichache vya kuharibika.

Lakini kranki, beringi na pistoni hazina oili ya kudumu. Hutegemea oili inayoingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Oili ikikosekana kwa dakika chache, hakuna akiba.

Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ilianza kuuza pikipiki zenye pampu inayopima oili yenyewe kutoka kwenye tangi lake, na mpango huo ndio uliomo kwenye AG100 na DT125. Pikipiki za motokrosi hazina pampu hiyo. Mwendeshaji huchanganya mwenyewe.

Baada ya Yamaha kuingiza sokoni motokrosi ya mipigo minne, YZ400F, mwaka 1998, wengi walidhani tustroki imefika mwisho. Honda iliacha kutengeneza motokrosi zake za tustroki baada ya toleo la mwaka 2007. Hata hivyo, Yamaha iliendelea na YZ125 na YZ250, na KTM nayo haikuacha. Kwa mnunuzi somo ni moja: kabla ya kulipia chombo, ahakikishe kwanza kwamba vipuri vya toleo hilo bado vinatengenezwa.

Hesabu ya oili

Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kikiwa sehemu 40 za petroli kwa moja ya oili, kila lita ya petroli hupata mililita 25, na dumu la lita tano hupata mililita 125. Kikiwa 32 kwa moja, lita moja hupata mililita 31 hivi. Kikiwa 50 kwa moja, ni mililita 20.

Kofia ya chupa na makadirio ya macho si vipimo. Bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe chenye mistari, hutosha. Oili na petroli vichanganywe kwenye dumu safi na kutikiswa kabla ya kumiminwa tangini. Oili iwe ya tustroki, si ile ya injini za mipigo minne. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usitumike.

Kuna wanaodhani kwamba oili ikizidi, injini inakuwa salama zaidi. Si lazima iwe hivyo. Oili ikiongezeka, petroli inayopita kwenye jeti ya kabureta hupungua, hewa inazidi na injini inapata joto. Anayebadili kipimo hana budi kuangalia na jeti.

Wenye pikipiki za pampu nao wasijisahau. Tangi la oili likaguliwe kila wanapojaza petroli. Wapo wanaoiondoa pampu kwa kuhofia kuharibika kwake. Chombo kikiuzwa bila mnunuzi kuambiwa, injini haifiki mbali.

Mteremko pia ni hatari. Anayeshuka milima ya Lushoto kwa gia, injini ikizunguka kwa kasi huku mafuta yamefungwa, anainyima oili. Afungue mafuta kidogo mara kwa mara, akishika klachi.

Mafuta machafu

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka vibaya, hugonga ndani ya injini na inaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kusimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili kubaini uchakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Pamoja na hatua hizo, petroli ya kwenye chupa kando ya barabara inabaki kuwa bahati nasibu. Mwenye tustroki anunue kwenye kituo anachokiamini.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikitoka na rangi ya chokoleti, mwako ni mzuri. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, mafuta yamezidi au chujio la hewa limeziba.

Vumbi, chumvi na maji

Mchanga wa pwani husaga ringi na silinda. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, kisha lipakwe oili ya chujio kabla ya kurudishwa. Kwa motokrosi inayopita kwenye vumbi, kazi hiyo ni ya kila baada ya safari.

Upepo wa bahari nao hula cheni, spoku na viungo vya umeme. Pikipiki ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, na cheni ipakwe mafuta. Mashine za maji ya kasi zisielekezwe kwenye beringi za magurudumu.

Zile zenye rejeta zisijazwe maji ya kisima. Maeneo mengi ya pwani maji hayo yana chumvi, nayo hula aluminiamu na kuziba njia. Maji yaliyosafishwa ya betri, yakichanganywa na dawa ya rejeta, ndiyo yanayofaa.

Oili ya giaboksi ni tofauti na ile ya petroli na hubadilishwa kivyake. Ikipungua bila kuvuja nje huku moshi ukizidi, sili ya kranki upande wa klachi imekufa na injini inainywa. Sili ya upande wa pili ikifa, injini huvuta hewa, hukosa oili na hunata. Sili ni kipuri kidogo, lakini kranki si kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Marekebisho yenye faida

Wengi huanza na ekzosi kwa sababu ya mlio. Anayetaka chombo kidumu huanza kwingine. Kwanza ni springi za mbele na shokamzoba ya nyuma, zilingane na uzito wa mwendeshaji. Pili ni sproketi: ya nyuma ikiongezwa meno mawili au matatu, pikipiki huvuta vizuri kwenye mchanga kwa mwendo mdogo bila kuchosha klachi. Tatu ni vibati vyembamba vya njia ya hewa, ambavyo mafundi huviita ridi. Vikipasuka, injini huwaka kwa taabu.

Ekzosi ikibadilishwa, jeti nazo zikaguliwe. Kukata kichwa cha silinda au kuchonga matundu yake huongeza nguvu, lakini hupunguza maisha ya injini na hudai petroli bora zaidi.

Kuna kosa moja linalogharimu sana. Silinda ya chuma ya AG100 au DT125 inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Silinda ya motokrosi za sasa ni ya aluminiamu iliyopakwa tabaka gumu jembamba. Haichongwi kwa njia hiyo, na kuipaka upya ni kazi ya kiwanda maalumu. Mwenye mali aulize kabla silinda haijafika kwenye mashine.

Daftari la saa

Motokrosi huhesabiwa kwa saa, si kwa kilomita. Anayeendesha saa tatu kila mwisho wa wiki hufikisha saa 39 katika wiki 13. Kwa wanaoshindana, muda huo ni mrefu mno kwa pistoni moja. Kwa mtu wa starehe, ni wakati wa kupima mgandamizo na kukagua ringi. Pistoni ikibadilishwa mapema, gharama ni pistoni, ringi na gasketi. Ikivunjika, silinda na kranki nazo huingia kwenye hesabu.

Kila saa, kila oili na kila kipuri viandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mnunuzi wa baadaye hulipa vizuri zaidi akionyeshwa kumbukumbu.

Ikumbukwe pia kwamba motokrosi isiyo na taa wala namba haikutengenezwa kwa ajili ya barabara. Ibebwe kwenye pikapu hadi uwanjani.

Hata asiyekuwa na pikipiki ana sababu ya kuyajua haya. Msumeno wa mbao, mashine nyingi za kunyunyizia dawa zinazobebwa mgongoni na injini nyingi za boti za wavuvi ni tustroki vilevile. Kipimo chao kiko kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha mashine, na kinaposhindwa kusomeka, kiandikwe upya kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu la mafuta, ili hata kibarua wa siku moja asikisie.